Gari nilinunua jipya, matairi yake yameisha kwenye kilomita 27,600. Nirudishe yaleyale au nibadili?

MamaAlizeti_Ilazo

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela, maana hela yenyewe nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya mbegu na mbolea, na mvua zetu za Dodoma mnazijua, ukichelewa wiki mbili umekosa msimu.

Naishi Ilazo, nauza mafuta ya alizeti kwa jumla pale Majengo sokoni, na nina eka mbili za zabibu Hombolo. Mei 2022 niliuza kiwanja changu cha Iyumbu, nikaongeza akiba ya miaka saba, nikashuka Dar kuchukua gari jipya. Zero kilomita, viti bado vina nailoni. Miaka yote nilikuwa naendesha magari ya mkononi na kila mwisho wa mwezi niko gereji, kwa hiyo pale nilikuwa nanunua kupumzika na hayo mambo. Aina ya gari siitaji, aliyeniuzia simtaji, na jina lililoandikwa kwenye matairi pia naliacha. Nataka kuelewa.

Saizi ni 225/65R17 102H. Matumizi yangu ni haya: kila siku Ilazo hadi Majengo, mara moja kwa wiki Hombolo (ukishaacha barabara kubwa ni udongo na changarawe), na mara moja kwa mwezi Singida kufuata alizeti. Mara chache sana Kibaigwa. Sibebi magunia, magunia yanakuja na fuso.

Januari 2023, odometa ikiwa kwenye kilomita 9,000 na kitu, natoka shambani taratibu kabisa, gia ya pili, nikasikia "pwaa" halafu usukani ukavuta kushoto. Nikashuka. Tairi la mbele kushoto limechanika ubavuni, tundu la kuingia kidole gumba, na ndani yake nyuzi zimetokeza kama za gunia lililokatwa kwa panga. Nilirudi nyuma kulitafuta jiwe lenyewe. Lilikuwa dogo kama yai la kanga, lina ncha moja tu. Yale magari yangu ya zamani yalipita njia hiyohiyo miaka sita na hayakuwahi kuchanika ubavu.

Nilimpigia aliyeniuzia. Akanijibu kwamba matairi hayamo kwenye waranti ya gari, waranti yake ni ya kiwanda kilichoyatengeneza, na niwatafute wao. Nikauliza wapo wapi, nikaambiwa nitatumiwa namba. Namba haikuja. Nikafunga tairi la spea, kisha nikanunua la mkononi likawa ndiyo spea.

Mwezi uliopita sasa, Agosti, narudi kutoka Singida. Nilipoipita Kintinku usukani ukaanza kutetemeka, nikifika 80 unazidi. Nikasimama chini ya mbuyu, nikazunguka gari. Tairi la mbele kulia limetoa nundu ubavuni, ukubwa wa limau, laini ukiibonyeza. Mwanangu mdogo alikuwa siti ya nyuma amelala. Nilikaa pale kama dakika kumi kabla sijapata nguvu ya kutoa jeki.

Na sasa fundi ananiambia hata kashata (ule mpira wenye mifereji unaokanyaga chini) za matairi ya mbele zimekwisha. Kilomita 27,600! Gari la mkononi nililokuwa nalo nilifunga matairi ya kawaida ya dukani yakanifikisha karibu 50,000.

Ninachouliza: je, ni kawaida matairi yanayokuja na gari jipya kuwa hivi? Nirudishe yaleyale (duka moja hapa mjini wanayo) au nibadili? Na nani hasa anawajibika? Gari walinikabidhi likiwa na magurudumu yake, sikulichukua likiwa juu ya matofali.

Kijana_Nzuguni

Pole sana mama. La mzee wangu lilifika 31,000 yakawa vipara, naye alinunua jipya. Tukadhani ni bahati mbaya ya kwake tu. Nafuatilia huu uzi.

FundiTairi_Kizota

Pole dada yangu. Kabla watu hawajaanza kukushauri ununue nini, nisaidie vitu vinne, ndipo tuongee:

Moja, pima kina cha kashata upande wa ndani, katikati na upande wa nje wa kila tairi. Usiangalie kwa macho, macho yanadanganya. Pili, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. Wakati mwingine zimeandikwa upande mmoja tu, huenda ukalazimika kuingia chini ya gari. Tatu, unajaza upepo kiasi gani na saa ngapi. Nne, yamewahi kubadilishana mbele na nyuma?

MamaAlizeti_Ilazo

Asante fundi. Nimetoka nje sasa hivi na rula ya mwanangu ya shule na tochi ya simu. Nimekata ile sehemu ya mwanzo isiyo na namba ili ianzie kwenye sifuri kamili.

Mbele kushoto: nje milimita 4, katikati 3, ndani 2 bila ya kufika.
Mbele kulia (hili lenye nundu, nimelipima liko pembeni ya ukuta): nje 4, katikati 3, ndani 2.
Ya nyuma yote mawili yako kama 5, sawasawa pande zote.

Pale ndani nimeona na vile vivimbe vidogo vilivyolala ndani ya mifereji, kashata imebaki kidogo mno kulingana navyo. Nilikuwa naviona siku zote nikidhani ni urembo wa kiwandani.

Namba ni 2420, matairi yote, isipokuwa la mkononi nililolinunua.

Upepo: najaza kwa vijana wa njiani. Wengi wananiwekea 40, wanasema likiwa gumu halikanyagi sana chini, mafuta hayaliki. Kubadilishana hapana, sijawahi kuambiwa. Nimefanya sevisi tatu kwa hao hao walioniuzia, risiti ninazo mbele yangu hapa, hakuna hata moja iliyoandikwa kitu kuhusu matairi.

FundiTairi_Kizota

Umepima vizuri kuliko wengi wanaoniletea gari.

Sasa sikiliza. Vile vivimbe ni alama ya mwisho, kimo chake ni milimita 1.6. Kashata ikilingana navyo tairi limekwisha, hata kama bado unaona mistari. Wewe upande wa ndani umebakiza kidogo sana. Mvua za Desemba zisikukute hapo.

Kuliwa ndani kuliko nje kwa matairi yote mawili ya mbele, na ya nyuma yapo sawa, hiyo ni alaimenti. Magurudumu ya mbele yanafunguka nje kidogo, kila kilomita unayotembea tairi linasuguliwa kama unavyosugua sufuria. Inaweza kuanza kwa shimo moja tu, au tairodi (chuma kinachounganisha usukani na gurudumu) kulegea. Lingeliwa katikati peke yake ningesema upepo umezidi. Lingeliwa pembeni zote mbili ningesema upepo mdogo. Lingekuwa na mabonde mabonde ukipitisha kiganja, ningeangalia shokapu.

Halafu gari lako linavutwa na mbele. Injini iko mbele, usukani mbele, breki nyingi mbele. Matairi ya mbele yanafanya kazi tatu, ya nyuma yanafuata tu. Yasipobadilishana kila kilomita 8,000 au 10,000, lazima ya mbele yawahi. Hili walitakiwa wakuambie kwenye sevisi ya kwanza na nasikitika kwamba hawakukuambia.

Upepo: fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo, kuna stika. Soma namba hiyo. 40 ni ya vijana wa njiani, siyo ya gari lako.

Nundu: nyuzi za ndani zimekatika. Upepo unasukuma mpira mtupu. Hilo tairi usilirudishe barabarani hata kwa kwenda sokoni, na mtu akikuambia analiziba, ondoka. Hata ubavu uliochanika hauzibiki, maana ubavu unajikunja kila mzunguko na kiraka hakikai.

DerevaKongwa

Samahani wakuu, lakini sisi wa magari ya mtumba kutoka Japani ndio tunaolia zaidi. Langu lilitoka bandarini na matairi yamejaa kashata, mazuri kabisa, laini. Nikafurahi nimeokoa hela. Nikatoka Dar hadi Kongwa, nikaenda Mpwapwa mara tatu nne, miezi mitano yameisha yote manne kama sabuni.

Baadaye ndipo fundi akanionyesha neno STUDLESS ubavuni. Ni matairi ya theluji. Mpira wake umetengenezwa kuwa laini kwenye baridi kali ili ushike barafu. Ukiuleta kwenye lami ya hapa mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana, unayeyuka. Na ukifunga breki ghafla gari linayumba, kashata zinalala. Anayenunua gari Japani aulize hilo kabla ya kulipa.

MamaAlizeti_Ilazo

Fundi, stika inasema 33 mbele na nyuma. Miaka miwili na zaidi nimefungua huo mlango kila siku sijaisoma.

DerevaKongwa pole, na asante, nitamwambia shemeji yangu, ana gari linakuja.

Lakini fundi, naomba unijibu na lile la ubavu. Alaimenti imekula kashata, nakubali. Kutobadilishana, nakubali. Ule ubavu kuchanwa na jiwe la ukubwa wa yai nikiwa gia ya pili, huo ni uzembe wangu?

MzeeStoo_Mpwapwa

Mwanangu, mimi nilikaa stoo ya magari zaidi ya miaka ishirini, matairi yamepita mikononi mwangu mengi, tangu enzi za General Tyre ya Arusha. Acha nikueleze ninavyojua.

Tairi linalokuja na gari jipya halikuchaguliwa na wewe, na wala halikuchaguliwa kwa ajili ya Hombolo. Mtengeneza gari anakwenda kwa mtengeneza tairi na orodha yake. Anataka tairi jepesi. Anataka linalobingirika kirahisi, kwa sababu gari lake linapimwa ulaji wa mafuta na moshi, na huko Ulaya na Japani vipimo hivyo vina sheria kali. Anataka lisipige kelele, kwa sababu mnunuzi akilijaribu gari anasikiliza ukimya. Na anataka bei ya chini, ananunua kwa mamia ya maelfu. Hayo yote ukiyapata, kuna kitu lazima ukiache. Mara nyingi kinachoachwa ni unene wa kashata na uzito wa ubavu. Kashata nene inakula mafuta. Ubavu mzito unakula mafuta.

Ndiyo maana unaweza kukuta tairi la jina lilelile, mchoro uleule, dukani linauzwa na linadumu, na lile lililokuja na gari halidumu. Si tairi moja. Baadhi ya watengeneza magari wanaweka hata alama yao ubavuni: BMW huweka nyota, Mercedes herufi MO, Audi AO. Maana yake tairi limetengenezwa kwa matakwa yao. Wengine hawaweki alama yoyote lakini mambo ni hayohayo.

Kwenye lami nzuri, kwa mwenye gari asiyetoka mjini, ni tairi zuri. Linafanya alilotumwa. Kwa jiwe la Hombolo lenye ncha, halikutumwa huko.

Hiyo 2420 ni wiki ya 24 ya mwaka 2020, yaani Juni. Wewe umechukua gari Mei 2022. Kwa hiyo matairi yalikuwa na karibu miaka miwili siku unakabidhiwa funguo. Tairi lililokaa stoo yenye kivuli miaka miwili halina shida. Lililokaa chini ya gari kwenye yadi, juani, bila gari kusogea, hilo lina habari nyingine, mpira unakauka na sehemu iliyokalia ardhi inabonyea. Wewe hukuwepo, huwezi kujua lilikaa wapi. Lakini una haki ya kuuliza.

MamaAlizeti_Ilazo

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili. Ningeambiwa hivi siku ile ya kukabidhiwa, dakika tatu tu, kwamba "mama haya matairi ni ya lami, ukienda shamba badilisha", ningeyauza yakiwa mapya nikafunga mengine. Tundu la Hombolo lisingetokea, na Kintinku pengine lisingetokea. Hilo ndilo linaloniuma. Walinieleza redio inavyoungana na simu kwa nusu saa.

Kizito_AreaC

Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Upepo 40 badala ya 33, alaimenti haijaguswa miaka miwili, matairi hayajawahi kubadilishana, halafu kosa ni la kiwanda? Hata matairi ya bei ghali kuliko yote yangekufa. Madereva tukubali na sehemu yetu.

MamaAlizeti_Ilazo

Ndugu Kizito, sehemu yangu nimekubali hapo juu, soma tena. Lakini mimi si fundi. Nililipia sevisi tatu kwa watu wanaolijua gari kuliko mimi, na kila mara gari lilinyanyuliwa na magurudumu yakafunguliwa kukagua breki, imeandikwa kwenye risiti. Aliyeshika tairi mikononi akaona linaliwa ndani, akalirudisha palepale bila kusema neno, na yeye ana sehemu yake.

Kizito_AreaC

Kwa hilo la sevisi nakuunga mkono. Kama magurudumu yalifunguliwa na hawakusema, wamekukosea.

Mtera_Kila_Wiki

Dada, funga A/T (matairi ya njia zote, lami na porini) umalize. Mimi natembea Dodoma, Mtera hadi Iringa na kuingia vijijini, A/T zangu zina kilomita 40,000 na hazijawahi kuchanika ubavu. Mawe nayapanda tu.

FundiTairi_Kizota

A/T ni nzuri kwa wa Mtera anayeingia vijijini. Kwa dada sina uhakika. Hesabu matumizi yake: Singida kwenda na kurudi ni karibu kilomita 480 za lami kila mwezi, mjini kila siku ni lami, Hombolo ni mara moja kwa wiki. Sehemu kubwa ni lami. A/T ni nzito, inaimba barabarani, mafuta yatapanda kidogo, na nyingi hazishiki lami iliyolowa kama tairi la barabara. Ana mtoto siti ya nyuma na anashuka kilima cha Manyoni.

Ningemfungia H/T. Ni tairi la lami la magari ya juu, ubavu wake una nguvu kuliko hilo lililokuja na gari, kashata imejaa, na changarawe ya mara moja kwa wiki inaihimili. Asiende chini ya 102. Hiyo 102 maana yake kila tairi linabeba kilo 850. H ni mwendo, hadi 210 kwa saa, huo hauhitaji lakini usishuke ovyo.

Na dada, kuna duka litakuambia 225/60R17 zipo, bei nafuu, "tofauti ndogo tu". Kataa. Kimo cha gurudumu kinapungua karibu milimita 22, gari linashuka milimita 11, na spidi ikisoma 100 wewe kweli uko 97. Ukipita matuta na rasta za huko njiani, hizo milimita 11 utazitafuta.

MamaAlizeti_Ilazo

Fundi umejuaje! Jana nimeambiwa hivyo hivyo, neno kwa neno, "tofauti ndogo tu".

Swali la bajeti: naweza kununua mawili tu ya mbele, haya ya nyuma yenye milimita 5 niendelee nayo?

Mtera_Kila_Wiki

Unaweza. Mapya weka mbele, ndiko kunakovuta.

MzeeStoo_Mpwapwa

Hapana mwanangu. Ukinunua mawili, mapya yaende nyuma na yale ya milimita 5 yaje mbele. Watu wengi wanashangaa wakisikia hivi, hata mimi nilibisha nilipofundishwa. Mbele likiteleza kwenye maji, unalisikia kwenye usukani, unaachia mafuta, linarudi. Nyuma likiteleza, gari linageuka, na mtu wa kawaida harudishi. Kwa hiyo penye kashata nyingi pawe nyuma.

Lakini ukiweza, nunua manne. Umeshaeleza kuwa hayo mengine ni ya aina ileile yenye ubavu uleule, na yana miaka minne.

FundiTairi_Kizota

Mzee yuko sahihi, nami ndivyo ninavyofunga, ingawa kila siku nabishana na wateja.

Wakili_Makole

Naongeza la sheria kwa kifupi. Aliyekuuzia ni yeye uliyefanya naye mkataba. Kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yenye sehemu ya kumlinda mlaji, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Jibu la simu kwamba "nenda kiwandani" lisikukatishe tamaa. Ni kweli waranti za matairi kwa kawaida hufunika kasoro ya utengenezaji, si jiwe wala shimo, kwa hiyo lile lililochanika Hombolo utapata taabu nalo. La nundu linaweza kukaguliwa. Nundu nyingi hutokana na kugonga shimo, lakini mkaguzi akilifungua anaona nyuzi zimekatika kwa kugongwa au zilikuwa na kasoro tangu mwanzo.

Fanya hivi: usimwachie fundi lile tairi. Lipige picha, piga picha namba yote ya DOT, si zile nne tu. Andika barua, ambatisha risiti tatu za sevisi, omba wakujibu kwa maandishi mambo mawili: matairi yalikaa wapi kati ya Juni 2020 na Mei 2022, na kwa nini sevisi tatu hazikutaja tairi kuliwa ndani. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.

MamaAlizeti_Ilazo

Wakuu, narudi na taarifa baada ya siku kumi na moja, msije mkadhani nilichukua ushauri nikapotea.

Nimenunua manne, H/T, 225/65R17 102H, shilingi 340,000 moja. Dukani niliomba tochi kabla ya kulipa. La kwanza nililoletewa lilikuwa limeandikwa 4021, nikalikataa. Kijana akanitazama, akaingia ndani, akaja na manne yenye 1524. Hakuna aliyegomba. Kumbe zilikuwepo siku zote, zinamsubiri anayeuliza.

Alaimenti: fundi alikuwa sahihi, mbele zilikuwa zimefunguka nje, na tairodi ya kulia ilikuwa imeanza kulegea. Nimeona mwenyewe kwenye kioo cha mashine, rangi nyekundu pande zote mbili, kisha baada ya kukaza zikawa kijani. Upepo nimejaza 33 asubuhi kabla gari halijatembea. Nimenunua na kipimo changu cha upepo. Asubuhi ya leo kilisoma 33, saa tisa mchana nilipotoka Majengo kikasoma 37, nikaogopa kidogo, ila nikakumbuka fundi aliniambia dukani kwake nisipunguze tairi likiwa la moto.

Barua nimeipeleka, nakala yangu ina mhuri. Jibu limekuja jana kwa maandishi: la Hombolo hawalitambui. La nundu wamekubali kulituma likakaguliwe, wamelichukua kwa hati. Kuhusu yadi na miaka miwili hawakusema kitu. Kuhusu sevisi wameandika "tutalifanyia kazi". Wakili, hili la yadi nitawaandikia tena, sitaliacha.

La nyuma moja lenye milimita 5 nimelifanya spea, lile la mkononi nimeliuza.

Tofauti ya kwanza niliyoisikia ni kelele kidogo, mzee alisema kweli kwamba yale ya mwanzo yalitengenezwa kwa ukimya. Jumamosi nilikwenda Hombolo. Nilipofika pale penye jiwe nilipunguza hata mwendo wa gia ya kwanza, nikapita, nikasimama mbele kidogo nikashuka kukagua ubavu wote manne kwa kiganja. Haukuwa na hata mkwaruzo.

FundiTairi_Kizota

Vizuri sana dada. Umetembea kilomita ngapi tangu nikufungie?

MamaAlizeti_Ilazo

Kama 130 hivi, na Hombolo ikiwemo.

FundiTairi_Kizota

Basi pita nikaze nati, ilitakiwa uje ukifika 100. Dakika tano tu, sitakutoza. Na uje na kitabu cha gari niandike kilomita za leo, ili tujue lini tunabadilishana mbele na nyuma.

MamaAlizeti_Ilazo

Kesho asubuhi nikitoka kumpeleka mtoto shule nitakuwa hapo kwako.